Seli Iliyomeza Bonge: kisa cha makrofaji moja na bakteria wa kifua kikuu

Kila aliyewahi kufanya kazi maabara ya TB anaijua picha hii. Umepaka makohozi kwenye slaidi, ukayakausha, ukamwagia fuksini na kupitisha moto chini yake mpaka mvuke ukaanza kupanda. Umeosha kwa asidi na alkoholi, ukamalizia kwa bluu ya methilini. Unadondosha tone la mafuta, unashusha lenzi ya 100, na kwenye uwanja wa bluu vinajitokeza vijiti vyekundu. Vingine vimekaa kimoja kimoja. Vingine vimelala ubavu kwa ubavu, vimeng'ang'aniana kama ukili, kamba nyekundu iliyojipinda katikati ya mabaki ya seli zilizokufa.

Kwa miaka mingi kamba hizo kwangu zilikuwa kero ya kuhesabu. Fomu inataka idadi: vijiti 10 hadi 99 katika viwanja 100 ni 1+, kimoja hadi 10 kwa kila uwanja ni 2+, zaidi ya 10 kwa kila uwanja ni 3+. Haiulizi vimekaaje. Robert Koch mwenyewe, alipotangaza mjini Berlin ugunduzi wake wa bakteria wa TB tarehe 24 Machi 1882, alieleza vijiti vilivyobanana katika mafungu, lakini mimi nilichukulia kwamba hilo ni suala la sura tu. Kilichonibadilisha ni kisa ninachokichambua hapa: seli moja ya kinga ilimeza bonge la bakteria hao, ikapigania uhai wake, ikafa, na kifo chake kikazaa vingine.

Kilichoonekana Durban

Mwaka 2017 maabara ya Alex Sigal, katika Taasisi ya Utafiti wa Afya Afrika iliyoko Durban, Afrika Kusini, ilitoa kazi ambayo ningependa kila mtu wa maabara aisome. Walichukua damu ya watu, wakatenga seli nyeupe aina ya monosaiti, wakazilea mpaka zikawa makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza wadudu na takataka mwilini. Wakazipa bakteria wa kifua kikuu wanaong'aa, kisha wakaiacha darubini ipige picha mfululizo. Hawakutafuta wastani wa sahani nzima. Walifuata seli moja moja, kama mchungaji anayemjua kila mbuzi wake.

Chukua seli moja kati ya hizo. Upana wake ni kama maikromita 20, na kijiti kimoja cha TB kina urefu wa maikromita 2 hadi 4. Seli inatambaa, inagusa bonge la bakteria, inalizungushia utando wake na kulivuta ndani. Kwa muda inaendelea na maisha ikiwa na mzigo wake tumboni. Kisha inakufa.

Bakteria hawakufa nayo. Ndani ya seli hai walikuwa wamebanwa, kuzaana kwao kumedhibitiwa. Ndani ya mzoga wakaanza kuongezeka kwa kasi, wote pamoja, wakiwa bado wameshikana. Baadaye makrofaji jirani ikaja kufanya kazi yake ya usafi. Ikaumeza mzoga pamoja na bonge lililokwisha kunona, nayo, kwa uwezekano mkubwa, ikafa. Ya tatu ikafuata. Makrofaji zinakufa kwa foleni, kila moja ikimwachia mwenzake mzigo mzito kuliko ule iliopokea.

Matokeo mawili ya kazi hiyo ndiyo yaliyonikalia kichwani. La kwanza: seli iliyomeza bonge moja kubwa ilikuwa katika hatari zaidi kuliko ile iliyomeza vibonge vidogo kadhaa vyenye jumla ileile ya bakteria. Hesabu ni ileile, hatima ni tofauti. La pili: hata makrofaji zilizokuwa zimeamshwa mapema kwa ishara za kinga hazikuleta tofauti baada ya kufa, kwa maana bakteria walistawi katika mizoga yote. Ulinzi wa makrofaji unakaa kwenye uhai wake. Seli ikishakufa kifo cha namna hiyo, kila silaha iliyokuwa nayo inageuka samadi.

Ndiyo maana swali la jinsi seli ya kinga inavyostahimili kifo si la kupitisha muda. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.25 walikufa. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi.

Si seli ya kwanza

Kabla ya kuingia ndani ya seli, niweke jambo moja sawa. Seli ya Durban haiwakilishi seli ya kwanza kabisa kukutana na TB mwilini. Mgonjwa anapokohoa, matone makubwa yanaanguka chini au yanakwama puani na kooni. Yanayoelea hewani na kufika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu ni yale madogo ya maikromita 1 hadi 5, na tone la kimo hicho halina nafasi ya bonge kubwa. Mwili wa mtu hupokea bakteria wachache.

Wachache hao humezwa na makrofaji zinazoishi kwenye vifuko vya hewa, na mwenendo wa seli hizo unashangaza. Watafiti wa Seattle waliochunguza panya mwaka 2019 walikuta kwamba makrofaji zilizopokea bakteria hazikupiga yowe la kuita msaada. Zilichowasha kwanza ni NRF2, protini inayosimamia jeni za kujikinga na makali ya oksijeni na sumu nyingine. Kwa siku kadhaa seli inashughulika na usalama wake yenyewe. Ni rahisi kuilaumu, lakini ukumbuke inakaa wapi: kwenye kuta nyembamba ambamo hewa na damu vinabadilishana, mahali ambapo kila siku vumbi na moshi wa jiko vinaingia. Makrofaji ya mapafu inayowasha moto kwa kila kitu kinachoingia ingemmaliza mwenyewe wake kabla ya mdudu yeyote.

Kwa hiyo seli ya kisa chetu ni ya baadaye, wakati bakteria wamekwisha kuzaana na kusukana kamba. Pengine ni ya kumi, pengine ya mia.

Kuziba matundu

Makrofaji inapommeza bakteria, inamfunga kwenye mfuko wa utando unaoitwa fagosomu. Kwa kawaida mfuko huo huungana na lisosomu, vifuko vyenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha kila kitu, na bakteria wa kawaida huishia hapo. TB hutenda vingine. Tangu mwaka 1971 inajulikana kwamba bakteria hawa wanazuia mfuko wao usiungane na lisosomu. Asidi haikolei, vimeng'enya havifiki vya kutosha.

Hawaridhiki na hilo. Wana mtambo wa kusukuma protini nje ya mwili wao, ESX-1, na wana nta ya kipekee kwenye ngozi yao iitwayo PDIM. Kwa viwili hivyo wanatoboa utando wa mfuko. Tundu likipatikana wanafikia utomvu wa seli penye chakula. Na kama mfuko uliotobolewa ulikuwa na asidi na vimeng'enya, vinamwagikia ndani ya seli yenyewe. Hapo ndipo kifo kinapoanza kunusa mlango.

Seli haingoji. Sukari zinazokaa upande wa ndani wa mfuko zinapojitokeza kupitia tundu, protini ziitwazo galektini zinazinasa, na hiyo ndiyo kengele. Ndani ya dakika chache mafundi wa kundi la ESCRT wanafika. Hizi ni protini zinazojipanga duara kwenye mdomo wa tundu na kuukaza mpaka utando ukutane tena. Ni kazi nzuri, ila inafaa kwa tundu dogo, na inahitaji tundu likae lisipanuke wakati fundi yuko kazini.

Hilo la tundu kupanuka ndilo lililokosa jibu kwa muda mrefu. Utando una mkazo. Ukichanika kidogo unataka kuendelea kuchanika. Jibu mojawapo lilitoka London mwaka 2023, katika Taasisi ya Francis Crick, kutoka kwa Claudio Bussi, Maximiliano Gutierrez na wenzao. Walionyesha kwamba mara tu mfuko unapotoboka, pale pale kwenye jeraha kunajijenga vibumba vya protini na RNA (nakala za maagizo ya jeni) vinavyoitwa chembe za msongo. Vibumba hivi vilikuwa vinajulikana kwa miaka mingi kama ghala ambamo seli iliyo taabani inahifadhi RNA zake. Hakuna aliyetarajia kuvikuta vikifanya kazi ya kuziba. Vinakaa tunduni kama kizibo, vinaushikilia utando usiendelee kuchanika, na mafundi wa ESCRT pamoja na njia nyingine za ukarabati wanapata nafasi.

Aliyewahi kukaa pwani na kumwona fundi wa jahazi ataelewa haraka. Mbao mbili hata zikibanwa vipi, maji yatapita katikati. Fundi hutia kalafati: anachukua pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kwenye mwanya kwa patasi na nyundo, na chombo kinaelea. Pamba si mbao, na haimfanyi mtu asahau kwamba ubao umeoza ukabadilishwe. Lakini bila pamba chombo hakifiki kwa fundi. Seli nayo inajitia kalafati. Watafiti wa London walipoizuia makrofaji ya binadamu isijenge vibumba hivyo, ukarabati ulidorora, na bakteria wa TB wakapata mazingira mazuri zaidi ndani yake.

Sasa rudi kwenye bonge. Kijiti kimoja kinatoboa hapa, seli inaziba. Vijiti vitano vilivyo katika mifuko mitano vinatoboa sehemu tano, seli inapeleka kalafati sehemu tano. Lakini bonge la vijiti vingi vilivyobanana ndani ya mfuko mmoja linatoboa utando uleule, tundu kando ya tundu, wakati mmoja. Viraka havina pa kushika. Kwa maoni yangu hii ndiyo maana inayokubalika zaidi ya lile tokeo la Durban kwamba idadi ileile inaua zaidi ikikaa pamoja. Kinachoua ni madhara kukusanyika sehemu moja, haraka kuliko fundi anavyoweza kukarabati.

Na kuna ushahidi unaoegemea huko kutoka Lausanne, Uswisi. Katika maabara ya John McKinney ilionekana, katika kazi iliyotoka mwaka 2023, kwamba bonge la TB linaweza kuua makrofaji hata bila kumezwa. Linaigusa kwa nje, linaharibu utando pale linapogusa, na seli inakufa. Mwaka huohuo kazi nyingine yenye mizizi hukohuko ilionyesha kwamba kamba za TB zinazokua ndani ya seli zinabana hata kiini cha seli kwa nguvu ya msukumo tu, na kuififisha sauti ya kinga. Kamba ile niliyokuwa nikiiona kama kero ya kuhesabu ina uzito wa kimwili.

Utando wa nje, nguvu na chuma

Mfuko wa ndani si mahali pekee pa kukarabati. Utando wa nje wa seli ukitoboka, kalsiamu inafurika ndani kutoka nje, na furiko hilo lenyewe ndiyo ishara ya dharura: lisosomu zinakimbilia ukutani na kutoa utando wao kuwa kiraka. Anayesikia ishara hiyo ni protini iitwayo sinaptotagmini 7. Mwaka 2009 kundi la Boston, akiwemo Maziar Divangahi na Heinz Remold, lilionyesha kwamba makrofaji inahitaji prostaglandini E2, kemikali ya kupeleka ujumbe, ili kuwa na sinaptotagmini 7 ya kutosha. Bakteria wakali wa TB wanaisukuma seli itengeneze kemikali nyingine, lipoksini A4, badala yake, na lipoksini inazima prostaglandini. Mdudu hapigani na kiraka. Anamnyima fundi ujumbe wa kuja kazini.

Anashambulia nguvu pia. TB ina sumu moja, TNT, inayovunja NAD, kemikali ambayo bila hiyo seli haiwezi kugeuza chakula kuwa nguvu. Iliwekwa wazi mwaka 2015 na maabara ya Michael Niederweis huko Alabama, Marekani.

Na kuna chuma. Chuma kikizidi ndani ya seli, mafuta ya utando yanaanza kuoza kwa mnyororo, yakiungua bila moto. Kifo hicho kilipewa jina la feroptosisi mwaka 2012. Anayekizuia ni kimeng'enya GPX4, kinachotumia glutathioni, kemikali ya seli ya kujikinga. Mwaka 2019 watafiti walikuta kwamba katika makrofaji zilizoambukizwa TB kiasi cha GPX4 kilishuka, na panya waliopewa dawa ya kuzuia feroptosisi walikuwa na uharibifu mdogo wa mapafu na bakteria wachache zaidi.

Vifo viwili

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea kwa muda. Ukisoma yote niliyoandika juu, unaweza kudhani kwamba makrofaji njema ni ile isiyokufa kabisa. Sivyo.

Seli ina namna zaidi ya moja ya kufa, na mbili zinatosha kwa kisa hiki. Ya kwanza ni nekrosisi: utando unapasuka, kila kilichomo kinamwagika, majirani wanawaka kwa uvimbe. Ya pili ni apoptosisi, neno lililotolewa mwaka 1972 kutoka Kigiriki, likimaanisha majani yanavyodondoka mtini. Seli inajikata vipande vidogo, kila kipande kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya utando, na majirani wanavimeza bila fujo. Bakteria aliyekuwa ndani anabaki kafungwa. Mwaka 2012 kundi la Samuel Behar lilionyesha kwamba makrofaji ya pili inapovimeza vipande hivyo, vinapelekwa moja kwa moja kwenye lisosomu, na TB aliyemo anadhibitiwa. Mfuko ambao TB aliweza kuuhadaa mara ya kwanza haumsikilizi safari hii, kwa sababu sasa ameingia akiwa ndani ya sanda ya mtu mwingine.

Bakteria wanalijua hilo, kama neno kujua linawafaa. Kuna ndugu wawili wa maabara, H37Rv na H37Ra, wote chimbuko lao ni bakteria waliotolewa kwa mgonjwa mmoja mwaka 1905 huko New York. H37Ra amepoteza ukali wake, na makrofaji zilizoambukizwa naye hufa zaidi kwa apoptosisi. H37Rv ni mkali: anaizuia apoptosisi, kisha anailazimisha seli ife kwa nekrosisi. Analiziba lango zuri, analifungua baya.

Kwa hiyo kila kiraka nilichokitaja, kuanzia kalafati ya London hadi prostaglandini ya Boston, kina kazi mbili. Kinairefushia seli uhai ili iendelee kuwabana bakteria. Na kinautunza utando ukiwa mzima ili, siku seli itakaposhindwa, iwe na uwezo wa kufa kwa kujifunga. Huwezi kujikata vipande vilivyofungwa vizuri kama kitambaa chako chote ni matobo. Seli ya Durban haikupoteza uhai tu. Ilipoteza haki ya kuchagua kifo. Kwangu hilo ndilo jambo lenyewe katika kisa hiki chote.

Upande wa pili wa shilingi upo pia. Seli inayokataa kufa huku bakteria wamo wazima ndani yake ni nyumba yao ya kupanga isiyo na kodi. Ndiyo sababu watafiti wa chanjo hawajaribu kuifanya makrofaji iwe sugu kwa kila kifo. BCG, chanjo iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi, imepoteza kipande cha jeni kinachobeba mtambo wa ESX-1. Haitoboi mfuko. Hiyo ni sababu mojawapo ya usalama wake. Wajerumani waliotengeneza chanjo ya majaribio VPM1002 waliirekebisha BCG kwa kuitia protini ya bakteria mwingine, Listeria, ili mfuko ulegee na seli iliyoimeza ielekee zaidi kwenye apoptosisi. Wanatafuta kifo, lakini kile cha majani kudondoka.

Swali la mama dirishani

Mama mmoja aliwahi kunisimamia dirishani na karatasi ya majibu mkononi. "Daktari, kijana wangu anakwisha mbele ya macho yangu, na ninyi mnaandika makohozi hayana kitu?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Mama, kipimo ndicho kinachosema." Leo ningemkalisha.

Ningemweleza kwamba ili darubini ione vijiti, mililita moja ya makohozi inahitaji kuwa na bakteria kama 5,000 hadi 10,000. Wingi huo unatoka hasa kwenye mapango ya mapafu, mahali ambapo makrofaji zimekufa kwa nekrosisi kwa wingi, nyama ikalainika kama jibini, ikapasukia kwenye njia ya hewa. Mtu mwenye kinga iliyopungua sana, kwa mfano mwenye VVU na idadi ndogo ya CD4, seli zinazoongoza kinga, hujenga mapango hayo kwa shida, maana kubomoa pafu kwa namna ile kunahitaji pia nguvu ya kinga yenyewe. Bakteria wamejaa mwilini, lakini makohozi ni masafi. Kwa wagonjwa hao kipimo cha jeni kama GeneXpert huona kisichoonekana kwa lenzi, na hata hicho wakati mwingine kinahitaji kusaidiwa na kipimo cha mkojo na picha ya kifua. Slaidi yenye 3+ inaonyesha watu wawili kwa pamoja: bakteria walio wengi, na kinga iliyopigana mpaka ikaibomoa nyumba yake.

Hilo ndilo linalowafanya madaktari wengine waitulize kinga badala ya kuichochea. Katika TB ya utando wa ubongo, utafiti wa Vietnam uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, pamoja na dawa za TB ilipunguza vifo. Lakini kwa watu wazima wenye VVU na ugonjwa huohuo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonyesha faida hiyo. Silioni hilo kuwa mkanganyiko. Katika samaki pundamilia, samaki wadogo wanaotumika maabara, maabara ya Lalita Ramakrishnan ilionyesha mwaka 2013 kwamba kichocheo kimoja cha kinga, TNF, kikipungua makrofaji zinakufa kwa kulemewa na bakteria, na kikizidi zinakufa kwa nekrosisi inayowashwa na mitokondria zake zenyewe, vinu vya nguvu vya seli. Wagonjwa wawili wenye vijiti vilevile wanaweza kuwa wamesimama pande mbili za mlima, na dawa inayomteremsha mmoja kwenye usalama ikamsukuma mwingine korongoni.

Dawa za kawaida, kwa miezi 6, bado ndizo zinazoponya, na sitaki msomaji aelewe vinginevyo. Ila hata humo kisa hiki kinagusa. Pirazinamidi, moja ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, inafanya kazi vizuri palipo na asidi. Asidi hiyo inakaa kwenye mfuko ulio mzima. Seli iliyojitia kalafati ikafaulu inaiandalia dawa uwanja. Seli iliyopasuka inawaachia bakteria mahali ambapo dawa hiyo haina makali yake.

Sitasema kwamba kamba ninazoziona kwenye slaidi ya makohozi ni zilezile zilizoua makrofaji ndani ya pafu. Nyingine zimesukana baadaye, kwenye ukuta wa pango, nje ya seli yoyote. Lakini nikikutana nazo siku hizi siharakishi kusogeza uwanja. Fomu bado ina nafasi ya namba peke yake, nami naiandika namba. Kisha pembeni, kwa kalamu ya risasi, naandika "kamba".